Mgao wa Mali za Ndoa na Mchango Usio na Risiti

Tanzania Bara, mali za wanandoa wanaoachana hugawanywa kwa kufuata kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kinachoipa mahakama inayotoa talaka au amri ya kutengana mamlaka ya kugawa mali walizochuma kwa juhudi zao za pamoja. Kifungu hicho kinaitaka mahakama izingatie mchango wa kila upande kwa fedha, mali au kazi, lakini hakikusema wazi kama kupika, kufua na kulea watoto ni kazi ya aina hiyo, hivyo majaji wa Mahakama Kuu walitofautiana kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, ikiongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilipoamua katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango unaohesabika. Hukumu hiyo inastahili sifa inayopewa, ingawa wengi wanaoitaja hawasemi kwamba mrufani mwenyewe hakupata sehemu ya nyumba aliyoidai.

Kanuni ilikubalika, ila kiasi cha mchango kimeachwa kitegemee ushahidi, na hapo ndipo wanawake wanapoumia. Nyumba nyingi hujengwa kidogo kidogo kwa miaka: kiwanja huandikwa jina la mume, risiti za saruji na mabati hukaa kwake, na mafundi humjua yeye tu kuwa ndiye mwenye kazi. Mke aliyechota maji ya kuchanganyia zege, akawapikia mafundi, na kulipa ada ya shule kwa faida ya genge lake ili mshahara wa mume ununue matofali, hana karatasi ya kuonyesha. Baada ya shauri kupita katika baraza la usuluhishi wa ndoa, kama sheria inavyotaka, anafika mahakamani akiwa na wajibu wa kuthibitisha jambo ambalo kwa asili yake haliandikwi popote.

Sheria ya Mali za Ndoa ya Kenya ya mwaka 2013 ilikwenda mbele zaidi kwa kutamka kwamba mchango ni pamoja na kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi za shambani, lakini nayo ilifungamanisha umiliki na mchango, na Januari 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilishikilia kwamba usawa wa wanandoa uliomo katika Katiba hauleti wenyewe mgao wa nusu kwa nusu. Hofu ya kwamba mtu ataolewa au kuoa kwa muda mfupi kisha aondoke na nusu ya jasho la mwenzake ni ya kweli, ila haifai kuwaadhibu waliokaa miaka ishirini. Kwa ndoa ya muda mrefu, mahakama ianzie kwenye mgao sawa, na anayedai zaidi ya nusu ndiye athibitishe.

Pendekezo hilo linahitaji uangalifu katika ukewenza, yaani ndoa ya mume mmoja na wake wawili au zaidi, ambamo kifungu cha 57 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania kinawapa wake wote haki na hadhi sawa. Usawa huo, ukitumiwa bila kuangalia wakati, unaweza kumnyang'anya mke mkubwa shamba alilolifyeka kabla mwenzake hajaolewa. Kenya imeweka kwamba mali iliyochumwa kabla ya ndoa ya pili ni ya mume na mke wa kwanza peke yao, utaratibu ambao Tanzania ingefaa kuufuata.

Kwa wanaoishi kinyumba, yaani bila kufunga ndoa, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania kinaweka dhana kwamba mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua kama mume na mke, wameoana, mpaka ushahidi uonyeshe vinginevyo. Hata dhana hiyo ikivunjwa, kwa mfano ikibainika kwamba mwanamume tayari ana ndoa ya Kikristo isiyoruhusu mke wa pili, mahakama bado inaweza kuamuru matunzo, malezi ya watoto na nafuu nyingine ambazo ingezitoa katika talaka, mgao wa mali ukiwamo. Mwanamke anayefukuzwa kwa hoja kwamba hana cheti cha ndoa ana haki ya kufungua shauri chini ya kifungu hicho, na baraza la kata linalomrudisha nyumbani bila kumweleza hivyo linamnyima haki aliyopewa tangu mwaka 1971.