Mzee Aliyepunguzwa Tumbo

BARAZANI
Na Mwalimu Omari Kilua

Habari ya mtu mzima aliyekwenda hospitalini kupunguzwa tumbo, ikifika barazani, aghalabu hupokewa kwa namna mbili, na mimi siridhiki na hata moja: wako wanaocheka, wakasema kwamba mzee ameshindwa kuuzuia mkono wake usirudi siniani, basi ameona heri azuiwe kwa kisu, na wako wanaostaajabu, wakauliza mtu aliyekwisha kuvuka miaka sitini ataka uzuri wa nini, na nani atakayemtazama. Dada yangu wa tumbo moja, mwenye umri wa miaka 64, amepita njia hiyo, akayasikia maneno yote mawili, la kwanza kutoka kwa wifi na la pili kutoka kwa jirani, na kwa idhini yake nimeona niyajibu leo, kwa kuwa yeye mwenyewe amekataa kuyajibu, akisema kwamba anazo kazi nyingine za kufanya.

Kabla ya upasuaji alikuwa na kilo 118 katika kimo cha sentimita 158. Wanaopenda hesabu na wagawe kilo hizo kwa kimo cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe, nao watapata 47 na ushei, hali matabibu huuhesabu unene kuwa umekwisha kuwa maradhi tangu 30. Lakini yeye hakuwa akiishi ndani ya hesabu. Aliishi na magoti yaliyomnyima kusujudu, hata akaswali juu ya kiti kwa miaka mingi. Aliishi na vidonge vya sukari na vya presha asubuhi na jioni. Usiku pumzi ilimkatika usingizini, akagutuka kwa fazaa. Na arusi, ambazo yeye alikuwa mpishi wake mashuhuri, alianza kuzikimbia kwa udhuru huu na ule, nao udhuru wa kweli ulikuwa viti vya plastiki. Wala hakuna katika sisi aliyemwambia kwamba anaumwa, maana katika pwani yetu mtu akinenepa huambiwa kanawiri, mumewe husifiwa kwa kumtunza, na mwili mkubwa wa mama mtu mzima huwekwa miongoni mwa ushahidi wa neema ya nyumba.

Wanaosema habari za kujizuia wanayo hoja ya kale na yenye heshima. Mtume wetu ametuusia tuligawe tumbo mafungu matatu, la chakula, la maji na la pumzi, na laiti watu wote wangefuata wasia huo tangu utotoni, pengine leo ningeandika habari za barabara mbovu. Ila mwili uliokwisha kunenepa hauna insafu. Mtu akijinyima na kupungua, tumbo huongeza kichocheo cha njaa kiitwacho grelini, ambacho wataalamu wa Japani walikitangaza mwaka 1999, na papo hapo mwili hupunguza matumizi yake ya nguvu, hata mwenye kujinyima akaona njaa inazidi na kilo hazishuki. Dada yangu alijinyima mara nyingi katika maisha yake, akafaulu kila mara kwa miezi na kushindwa kwa miaka. Na kwa upande wa kufunga, mimi niliyelelewa naye nyumba moja nashuhudia kwamba alifunga kama sisi, na sita za Shawali akatupita.

Upasuaji wenyewe si jambo la juzi. Daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, aliuanzisha mwaka 1966, baada ya matabibu kutambua kwamba wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliokatwa sehemu ya tumbo walikonda, na kunenepa tena kukawa kuzito kwao. Njia zinazotumika zaidi siku hizi ni mbili. Katika ya kwanza huondolewa kiasi cha robo tatu ya tumbo au zaidi, likabaki jembamba na refu. Katika ya pili hufanywa kifuko kidogo upande wa juu, kikaungwa na utumbo mwembamba, chakula kikapita bila ya kuonana na tumbo lililosalia wala na mwanzo wa utumbo. Mwenye kufikiri kwamba faida yote ni kushiba upesi hajapata hata nusu ya habari, kwa sababu ujumbe unaotoka tumboni kwenda kwenye ubongo nao hubadilika, njaa ikatulia, na mara nyingi sukari ya damu ikaanza kushuka siku za mwanzo, kabla ya kilo. Dada yangu anasema kwamba jambo alilolikuta geni kuliko yote, kuliko hata kidonda, lilikuwa ni kufika saa saba mchana bila ya kukumbuka kwamba hajala.

Ama suala la umri, ihtilafu ipo hata kwa matabibu. Mwaka 1991 wataalamu waliokutanishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliweka mpaka wa kupasuliwa kwenye 40 ya hesabu ile ya kilo na kimo, au 35 kwa mwenye maradhi yaliyoletwa na unene, na kwa muda mrefu hospitali nyingi zilisita kumpokea mtu wa umri wa dada yangu. Mwaka 2022 chama cha madaktari wa upasuaji huu cha Marekani na kile cha dunia vilitoa mwongozo mpya, vikaushusha mpaka hadi 35 hata kwa asiye na maradhi mengine, na vikasema kwamba umri peke yake si kizuizi. Cha kutazamwa ni udhaifu wa mwili na maradhi anayokuja nayo mtu. Naikubali kauli hiyo, ila sipendi inavyouzwa. Vijana wetu wakimshawishi mzee humwambia kwamba ataongezewa maisha, na ni kweli kwamba utafiti mkubwa wa Sweden, ulioanza mwaka 1987, ulionyesha katika matokeo yaliyochapwa mwaka 2020 kwamba waliopasuliwa waliishi kiasi cha miaka 3 zaidi ya wenzao wanene waliotibiwa bila ya kisu, ingawa bado walipungukiwa na miaka 5 na nusu wakilinganishwa na watu wa kawaida; lakini wale waliingia katika utafiti wakiwa na miaka 37 hadi 60, na mtu wa 64 si wa kuahidiwa kwa hesabu zao. Dada yangu hakuahidiwa miaka. Aliulizwa na daktari anataka nini, akajibu kwamba anataka paji la uso lifike chini kwenye msala, na kwa nadhari yangu hiyo ndiyo sababu iliyo sahihi kuliko zote kwa mtu wa umri wetu.

Nchini mwetu Tanzania, katika hospitali ya Mloganzila, huwekwa pia puto tumboni bila ya kisu, likatolewa baada ya miezi, na sasa ziko sindano za semaglutidi, zilizopewa kibali Marekani mwaka 2021 kwa ajili ya uzito. Kila moja ina watu wake. Sindano ikiachwa kilo aghalabu hurudi, na puto likitolewa hatari ni hiyo hiyo. Dada yangu alichagua kisu, akaenda India na binti yake, akarudi na makovu madogo matano.

Sasa niseme habari za baada, ambazo wapiga debe huzipita mbio. Majuma ya mwanzo ni supu iliyochujwa na maji ya kunywa kidogo kidogo, kisha uji mwepesi na vyakula vilivyopondwa, kisha yai na samaki, na wali mwisho kabisa, kijiko kwa kijiko. Maji hayanywewi pamoja na chakula. Mwezi wa nne nywele zilimpukutika, akalia kwa siri, ingawa aliambiwa tangu mwanzo kwamba zitapukutika na kwamba zitarudi. Ngozi ya mikono na ya tumbo imelegea, na kwa umri wake haitajikaza. Kilo zimefika 82, na hapo zimesimama kwa zaidi ya nusu mwaka.

Naye alipopungua, watu wale wale waliomwita mnene walianza kumwita mgonjwa. Si ajabu. Eneo letu lina kumbukumbu mbaya ya wembamba, maana UKIMWI ulipoanza kuenea Uganda miaka ya 1980 watu waliupa jina la Slim, kwa vile ulivyokondesha, na tangu wakati huo mtu mzima akipungua ghafla husogelewa kwa sauti ya chini na kuulizwa anatumia dawa gani. Wengi wanaotoka kupasuliwa husingizia kisukari ili waachwe, na hivyo wenzao wanaougua unene hawapati wa kumuuliza. Dada yangu alisema kweli tangu siku ya kwanza, akalipa kwa kusengenywa. Na wanawake watatu wamekwisha kumfuata uani, jioni, mmoja mmoja, kumuuliza.

Taabu kubwa kuliko masengenyo imekuwa sinia. Mtu anayeshiba kwa matonge manne, naye ni mkubwa wa nyumba, huwanyima watu raha bila ya kukusudia: akiondoa mkono mapema, wageni nao huona haya kuendelea, akikataa biriani ya mkwe wake, mkwe hudhani amekasirikiwa, akitengewa sahani yake peke yake, ndugu huuliza kama ana najisi. Na ulaji wetu wa heshima ni wa kulazimishana. Namjua shangazi mmoja aliyemtilia tonge mkononi baada ya tonge, huku akiapa, na usiku ule dada yangu akautapika wema wote wa shangazi. Madaktari walimweka kitako mgonjwa wakamfundisha mambo yake kwa siku nyingi. Laiti wangewaita na waliobaki nyumbani! Tumbo lililopunguzwa ni moja, ila waliotakiwa kujifunza kula upya tulikuwa watu tisa, na hakuna aliyetufundisha.

Tena lipo jambo ambalo kwa mzee lina uzito zaidi kuliko kwa kijana. Kilo zinazoondoka haziondoki katika mafuta tu. Huondoka na nyama za misuli, na mifupa nayo hudhoofika, na mtu aliyekwisha kupita sitini hana akiba kubwa ya vyote viwili, basi akianguka bafuni huvunjika. Kwa hiyo ameamriwa aanze kila mlo kwa samaki, yai, kuku au choroko kabla ya kugusa wanga, atembee kila siku, anyanyue vitu vizito kwa kadiri, ameze vitamini B12, chuma, kalsiamu na vitamini D mpaka mwisho wa uhai wake, na damu yake ipimwe kila mwaka. Ramadhani ya kwanza hakufunga, kwa amri ya daktari; ya pili alijaribu kwa ruhusa, akazigawa futari na daku katika milo midogo midogo.

Watoto wake walichanga fedha nyingi za safari na za hospitali, wakafanya kikao, wakachagua mweka hazina, na majina ya waliotoa yakasomwa kwa sauti. Kwa ajili ya vidonge vya kila mwezi hakuna kikao kilichoitwa mpaka leo, na hali vidonge hivyo havina mwisho na bima yake haivilipi. Mtu akinijia sasa kutaka shauri juu ya mama yake au baba yake, simuulizi hospitali gani wala nchi gani. Namuuliza ni nani atakayenunua dawa mwaka wa sita, na nataka jina. Kwa dada yangu anayenunua ni mwanawe wa mwisho, mwenye kibanda cha kuuza vipuri vya baiskeli, ambaye katika ule mchango wa safari jina lake lilisomwa la mwisho kwa udogo wa alichotoa.