Raga ya vyuo: Unashabikia jezi au mchezaji?

Ukipanda matatu namba 111 kutoka tao Jumamosi mchana kuelekea Ngong Road, hao wasee utawajua tu. Jezi za chuo, sauti imeisha hata kabla mechi ianze. Wengine walihitimu miaka kumi iliyopita. Wengine, kama mimi, hatukumaliza. Mean Machine ikiingia uwanjani hakuna anayekuuliza cheti.

Shida ni hii. Unamwona kijana wa mwaka wa pili, ana mbio balaa, mnamtungia wimbo. Msimu ujao yuko KCB au Kabras. Bado analala hosteli ile ile, lakini wikendi anavaa jezi ya watu wengine. Wewe umebaki na wimbo hauna mwenyewe.

Halafu mnamwita msaliti. Kwa nini? Komredi anayesubiri boom ya HELB ndio alipe bedsitter Kangemi, utamwambiaje acheze kwa mapenzi tu? Klabu ya benki au ya kiwanda cha sukari inaweza kumpa marupurupu, pengine hata kazi. Chuo kinampa jezi na kupigiwa makofi. Goti likienda, makofi hayalipi hospitali.

Lakini pesa zimebadilisha meza, hilo tusikatae. Mean Machine ilibeba Kenya Cup mwaka wa 1977. Wanafunzi, jo! Sasa angalia: KCB walishinda 2017, 2018 na 2019, kisha Kabras wakachukua 2022, 2023 na 2024. Timu ya chuo ikifika mbali siku hizi tunaiita maajabu.

Wamarekani nao wanalia kilio kama hicho. Tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo huko wanaruhusiwa kuuza jina na sura zao kwa matangazo. Juni 2025 jaji akaidhinisha makubaliano yanayoruhusu chuo kuwalipa moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Na tangu 2024 mchezaji anaweza kuhama chuo kila mwaka bila kukaa benchi, mradi masomo yake yako sawa. Mashabiki wanalalamika kila msimu wanajifunza majina upya. (Mkimbiaji wetu aliye huko kwa viza ya mwanafunzi, sheria za uhamiaji zinambana kufanya kazi, kwa hivyo pesa hizo nyingi anaziona kwa macho.)

Tofauti ni kwamba kwao mchezaji akihama, anaenda chuo kingine. Pesa zinabaki kwa michezo ya vyuo. Kwetu akihama, anatoka kabisa, na ile mechi ya Machine na Blak Blad uliyoingojea mwaka mzima inachezwa bila yeye.

Na sisi mashabiki tunatoa nini? Tunataka kuingia bure, tukishindwa tunapitia kwa ua, kisha tunatukana kijana wa miaka 21 mtandaoni kwa sababu amechagua kodi ya nyumba. Hebu piga hesabu: mashabiki 300, kila mmoja shilingi 200 kwa mwezi, ni elfu 60. Haiwezi kushindana na benki. Ila kwa bedsitter ya elfu 7 hivi, ni vijana wanane wamelipiwa kodi na chenji inabaki. Nani anafungua hiyo paybill?