Jagi la Chujio Haliondoi Chumvi

Dada yetu wa Ibra anauliza: kisima cha wazazi wake Unguja kimeingia chumvi, na baba ana presha. Je, awapelekee jagi la chujio kama lile analotumia yeye?

Hapana, dada. Makaa ya ndani ya jagi hunasa klorini na harufu, lakini chumvi iliyokwisha kuyeyuka hupita pamoja na maji. Kuchemsha pia hakusaidii: vijidudu hufa, mvuke hutoka, chumvi hubaki.

Kinachotenga chumvi ni utando, na mfano mnao hapo hapo Sharqiyah. Kiwanda cha Sur, kilichoanza kazi 2009, huvuta maji ya bahari kupitia visima vilivyochimbwa ufukweni, hivyo ardhi huyachuja kwanza. Kisha maji husukumwa kwenye tando nyembamba mno za plastiki. Hazina matundu kama chekeche. Maji hujipenyeza ndani ya plastiki yenyewe, na chumvi karibu yote huachwa nyuma.

Kazi ni kuyasukuma. Maji yakiachwa yenyewe hupita utando kuelekea upande wenye chumvi nyingi. Kuyarudisha kinyume, kwa maji ya bahari yenye takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, huhitaji mgandamizo wa kama mara 55 hadi 70 ya ule wa hewa inayotuzunguka. Hata hivyo, kwa kawaida chini ya nusu ya maji hutoka matamu. Mengine hurudi baharini yakiwa yamekolea chumvi.

Maji ya kisima kwa kawaida hayana chumvi nyingi kama bahari, kwa hiyo mashine ndogo ya utando yenye pampu inaweza kutosha. Kabla ya kununua, pimeni chumvi ya kisima, hakikisheni umeme upo, na ulizeni bei ya utando mpya, maana huchakaa. Maji yake machafu yasimwagwe karibu na kisima, yatarudi humo humo. Tumieni maji matamu kwa kunywa na kupikia tu.

Tena, pwani maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi chini ya ardhi. Pampu ikivuta kupita kiasi, chumvi hupanda. Mashine itasafisha gilasi ya baba, haitaponya kisima. Punguzeni kuvuta, kingeni mvua ya paani kwenye tangi safi, yachemsheni kabla ya kunywa, na baba amweleze daktari wake kuhusu maji anayokunywa.