Uchakavu: Waziri, Mhasibu na Land Rover Kuukuu

Katika lugha ya biashara hakuna neno linalovutwa huku na huko kama uchakavu. Mwenye yadi ya magari jijini Dar es Salaam akilitamka ana maana ya ushuru. Mhasibu ana maana ya tarakimu anayoikata kwenye faida kila mwaka. Fundi wa Gerezani ana maana kwamba bushi zimekwisha na shokapu inavuja. Wote watatu wanazungumzia kuzeeka kwa mali, ila ni fundi peke yake aliyelala chini ya gari akalitazama.

Mfano wa karibu uko bandarini. Bajeti ya Tanzania ya mwaka 2014/15 iliteremsha umri ambao gari lisilo la uzalishaji, yaani la kutembelea, linaanza kutozwa ushuru wa ziada kwa uzee wake: kutoka miaka 10 hadi miaka 8. Gari la miaka 9 lililokuwa melini lilihesabiwa kijana Juni 30, likaamka Julai mosi likiwa kizee. Hakuna boliti iliyolegea usiku ule. Kwa viwango vya TRA, gari la namna hiyo la kati ya miaka 8 na 10 limekuwa likibeba asilimia 15 ya uchakavu, na likishavuka 10 ni asilimia 30. Ndiyo maana dalali wa magari hufuatilia hotuba ya bajeti kwa makini kuliko mbunge anayesinzia mle ndani.

Kwa majirani mambo ni makali zaidi. Kenya haitozi, inakataa: gari likizidi miaka 8 haliingii, na kuanzia Januari mosi 2025 lililosajiliwa mara ya kwanza kabla ya 2018 lilifungiwa mlango Mombasa. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 kupiga marufuku magari ya zaidi ya miaka 15. Na hata huko Japani yalikotoka, magari hayo hayakuondoka kwa hiari yake. Gari la Kijapani hukaguliwa kwa lazima likitimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama. La petroli likipita miaka 13 kodi yake hupanda. Siasa za Tokyo zinalifukuza, siasa za Dodoma zinalipokea na rungu mkononi, na katikati yake wafanyabiashara wa nchi hizi wamejenga soko zima.

Marekani wao wameligeuza jambo hili chini juu. Kwa sheria ya mwaka 1988, gari la kigeni lililotimiza miaka 25 husamehewa masharti ya usalama ya serikali ya shirikisho, na hivyo Land Rover Defender ambayo jana ilikuwa haramu leo ni halali na bei yake imeruka. Rais Trump alipotangaza ushuru wa asilimia 25 kwa magari yanayoagizwa kutoka nje, ulioanza Aprili 2025, magari yenye umri wa miaka 25 na zaidi yaliachwa nje ya kapu hilo. Gari jipya kutoka kiwandani lilitozwa. Babu yake akapita. Anayetafuta mantiki ya umri wa mali katika sheria za nchi mbalimbali atachoka mapema, kwani waliozitunga wengi wao walikuwa wakifikiria viwanda vyao, hewa ya miji yao au mifuko ya hazina zao.

Kuna uzee ambao hakuna waziri aliyeupanga. Mwezi Mei 2022 Mercedes-Benz 300 SLR ya mwaka 1955, moja kati ya mbili tu zilizotengenezwa za aina ile, iliuzwa kwa euro milioni 135. Ferrari 250 GTO moja ilifika dola milioni 48.4 kwenye mnada huko California, Agosti 2018. Bei hizo zina sababu moja nyepesi: hakuna kiwanda kinachoweza kutengeneza tena mwaka 1955. Lakini hata soko hilo la matajiri limewahi kupata homa. Enzo Ferrari alipofariki Agosti 1988, bei za magari yake zilipaa; fedha za Japani, ambako soko la hisa lilikuwa linavimba, zilimwagika humo. Nikkei ilifika kileleni Desemba 29, 1989. Baada ya hapo walionunua kwa kukopa waligundua kwamba gari la fahari nalo linahitaji mnunuzi mwingine nyuma yake. Nikkei yenyewe ilikuja kukivuka kilele kile Februari 2024, miaka 34 baadaye.

Tanzania nayo ina gari lake la kale, ila halikai chini ya turubai. Oktoba 2024 mamia ya Land Rover zilikusanyika Arusha katika tamasha lililopigiwa debe na Mkuu wa Mkoa wa wakati huo, Paul Makonda, kwa lengo la kuipiku rekodi ya dunia ya msafara wa magari 632 uliofanyika Ujerumani mwaka 2018. Bendera zilipepea na hotuba zilitolewa. Cha kuvutia kwa mtu wa biashara ni kwamba kuna magari ya aina hiyo ambayo Jumatatu hurudi kwenye kazi ya kubeba abiria, mbuzi na magunia ya maharage. Land Rover 109 haidaiwi na vitabu vya hesabu. Thamani yake huko ilishafutwa zamani ikabaki sifuri. Inadaiwa dizeli na springi tu, na kila asubuhi inaleta fedha.

Wanaokumbuka mwaka 2011 wanajua gari la namna hiyo linaweza kufanya nini umma ukishikwa na homa. Maelfu walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu, kikombe kiliuzwa shilingi 500. Nauli ilikuwa mara nyingi zaidi ya hapo. Aliyevuna alikuwa mwenye gari lenye uwezo wa kupita njia ile. Hakuulizwa kama dawa inaponya, na wala hakuahidi. Foleni ilipoisha, gari lake lilibaki na kazi nyingine.

Biashara ya akili bandia, au akili mnemba kama wengine wanavyopenda kuiita, ina foleni ya aina hiyo tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022. Kikombe ni cha bei ndogo, na mamilioni wanakinywa bure. Mwenye gari ni Nvidia, muuza chipu, ambayo Oktoba 2025 ilikuwa kampuni ya kwanza duniani kufikisha thamani ya dola trilioni 5 kwenye soko la hisa. Abiria ni Amazon, Microsoft, Alphabet yenye Google, na Meta yenye Facebook na WhatsApp. Kwa mwaka 2025 pekee wanne hao walitumia zaidi ya dola bilioni 300 kwenye uwekezaji, sehemu kubwa ikiwa majengo ya kompyuta na chipu za kuyajaza.

Swali ambalo mwenye yadi angeliuliza mara moja ni hili: hizo chipu zinazeeka lini?

Jibu linategemea mhasibu. Mtambo wa dola milioni 12 ukiandikwa kwamba utadumu miaka 4, kampuni inakata milioni 3 kila mwaka kutoka kwenye faida. Ukiandikwa miaka 6, inakata milioni 2. Faida ya mwaka huo imeongezeka kwa dola milioni 1 bila mtu kuuza hata vocha. Microsoft ilirefusha umri wa seva zake kutoka miaka 4 hadi 6 mwaka 2022, na yenyewe ilikadiria kuwa hatua hiyo ingeongeza faida ya uendeshaji ya mwaka uliofuata kwa dola bilioni 3.7 hivi. Januari 2025 Meta ilisogeza umri wa seva zake hadi miaka 5 na nusu, na kupunguza makato ya uchakavu ya mwaka huo kwa takriban dola bilioni 2.9. Ajabu ni kwamba Amazon, kuanzia mwezi huo huo, ilipunguza umri wa baadhi ya seva zake kutoka miaka 6 hadi 5, na sababu iliyoitoa ni kasi ya mabadiliko ya teknolojia, hasa hii ya akili bandia. Wote wawili ni wateja wa duka lile lile la chipu. Mmoja anasema mzigo umekomaa, mwingine anasema umezeeka.

Hakuna wizi hapo. Sera hizo zimeandikwa wazi, wakaguzi wa hesabu wanazipitisha, na ni kweli kwamba seva za kawaida zimekuwa zikidumu kuliko zamani. Chipu ya miaka 4 inaweza kuhamishiwa kazi nyepesi, kama vile basi la Mwanza linavyoishia kubeba wanafunzi. Mwekezaji Michael Burry alipolalamika Novemba 2025 kwamba umri huo umerefushwa ili faida ipendeze, Nvidia ilijibu kuwa wateja wake wanakadiria miaka 4 hadi 6 kwa kuzingatia matumizi halisi. Inawezekana kabisa. Lakini mkuu wa Nvidia, Jensen Huang, alipokuwa akinadi chipu mpya za Blackwell mwezi Machi 2025, alitania jukwaani kwamba zikianza kutoka kwa wingi, zile za Hopper za kabla yake hata kwa bure hazitapata mtu. Hopper ilitangazwa mwaka 2022. Muuzaji anapolicheka gari alilouza miaka 3 nyuma, mwenye mkopo wa gari hilo hana budi kutega sikio.

Watetezi wa homa hii hupenda kukumbusha mwaka 2000. Ni kweli, husema, kampuni za intaneti zilianguka, WorldCom ikafilisika Julai 2002, lakini nyaya zilizotandazwa zilibaki ardhini na baadaye dunia nzima ikazitumia. Hoja hiyo ina uzito, ila inachanganya mali mbili. Waya wa mawasiliano wa baharini hukadiriwa kuishi miaka 25 hivi. Unaweza kukaa kimya miaka 10 ukingoja wateja. Majengo na njia za umeme zinazojengwa sasa zinaweza kusubiri vivyo hivyo. Chipu iliyomo ndani haiwezi. Inazeeka ikifanya kazi, na inazeeka ikiwa imezimwa.

Siasa nazo zimepanda gari hili. Januari 21, 2025, siku moja baada ya kuapishwa, Rais Trump alisimama Ikulu ya Marekani na wakuu wa OpenAI, Oracle na SoftBank kutangaza mradi wa Stargate wa dola bilioni 500 katika miaka 4. Fedha hizo hazikuwa za serikali, ila kipaza sauti kilikuwa chake. Siku 6 baadaye, wawekezaji walipobaini kwamba kampuni ya Kichina ya DeepSeek imetoa mfumo wa kushindana na wakubwa huku ikidai kutumia gharama ndogo, hisa za Nvidia zilianguka asilimia 17 kwa siku moja, na thamani ya karibu dola bilioni 590 ikayeyuka. Soko lilifuta kabla ya chakula cha jioni zaidi ya kile wanasiasa walichoahidi kujenga kwa miaka 4. Hisa hizo zilirudi na kupita zilipokuwa, kama trilioni 5 zinavyoonyesha. Aliyeuza kwa hofu Januari ile alikula hasara.

Mwenye vihisa vyake vichache DSE anaweza kudhani haya ni ya Wazungu na Wachina. Homa hiyo humfikia kwa njia nyingine, tena bila ripoti ya mwaka wala mkaguzi. Aprili 2025 nchini Nigeria ilianguka CBEX, iliyowaahidi watu kwamba akili bandia itafanya biashara kwa niaba yao na kuzirudisha fedha zao mara mbili ndani ya siku 30. Haikuwa na kibali cha mamlaka ya masoko ya mitaji, na ilikuwa imeshavuka mpaka na kupata wateja Kenya. Waliokumbuka DECI, iliyofungwa Tanzania mwaka 2009, hawakuona jipya zaidi ya jina la mganga: kule kulikuwa na kupanda mbegu na kuvuna, huku kuna kompyuta isiyolala. Mpango wa namna hiyo hauna safu ya uchakavu kwa sababu hauna mali ya kuchakaa. Kijana anayeweka mtaji wa genge humo hana hata bushi ya kuuza baadaye.

Anayetaka kuwekeza kwenye kampuni halisi, ya hapa au ya ng'ambo, atakuta umri wa mitambo kwenye kurasa za nyuma za ripoti ya mwaka, penye sera za uhasibu, kwa herufi ndogo na baada ya picha za wakurugenzi. Amazon, Alphabet na Meta hutoa zao kati ya mwishoni mwa Januari na Februari; Microsoft hufunga mwaka wake Juni 30 na kutoa ripoti Julai. Mwenye gari la miaka 7 na nusu lililopakiwa Yokohama ana tarehe nyingine ya kuangalia: hotuba ya bajeti, Dodoma, mwezi Juni.