Jina si Kipuli

Akizaliwa mtoto mmoja, jina hutafutwa. Wakizaliwa wawili, majina huwindwa. Uwindaji huo umeenea sasa katika miji ya Afrika Mashariki, na hasa pacha wanapokuwa wa kike. Wazazi wenye elimu, ambao jana walichukua majina kutoka Ulaya, leo wamegeuka na kutaka majina ya asili. Kugeuka huko ni jambo la heri, na asiyelisifu ni mchoyo wa sifa. Walakini wameongeza sharti moja linaloiharibu heri yote. Majina, wasema, yawe ya asili lakini yawe adimu. Yapatane yakitamkwa pamoja, yaanze kwa herufi moja au yaishie kwa sauti moja, na asiwepo mtoto mwingine mtaani anayeitwa hivyo. Sharti hilo ndilo linalostahili kupingwa.

Kwanza yapasa kuuliza jina la asili ni kitu gani. Wengi hudhani ni jina la kale, kama vile sahani ya kale iliyotundikwa ukutani. Hasha! Ukale peke yake si thamani. Jina la asili ni ushahidi. Hushuhudia siku, majira, hali ya nyumba, au nafasi ya mtoto katika uzao wa mamaye. Pwani, Mwanajuma alizaliwa Ijumaa na Mwanahamisi Alhamisi. Mwanaidi alikuja na sikukuu. Chausiku alikuja usiku. Pili ana mmoja aliyemtangulia na Tatu ana wawili. Subira ni kumbukumbu ya miaka ya kungoja. Bara, katika Usukuma, Kabula ni mtoto wa mvua, Limi ni wa jua, na Nyanzala ni wa wakati wa njaa. Ajuaye mambo haya akisikia jina husoma habari. Bibi ambaye hakupata kushika kalamu aliweza kupanga wajukuu wake kwa miaka na misimu, kwa kuwa majina yao yalikuwa ndiyo kalenda yake.

Sasa na atazamwe mzazi wa Dar es Salaam aliyejaaliwa mabinti wawili usiku wa manane, mwezi wa Agosti, katika kiangazi. Ameletewa orodha ya majina ya asili, naye amependezwa na Kabula na Limi. Ni mafupi, ni matamu, hayasikiki sana mtaani, na mvua na jua vimekaa vizuri pamoja. Basi wa kwanza akaitwa Kabula, na wa pili, aliyezaliwa robo saa baadaye, akaitwa Limi. Kwa masikio hayo ni majina mazuri. Kwa maana ni ushahidi wa uongo. Usiku ule halikudondoka tone la mvua, wala jua halikuwa limechomoza. Bibi yao akija kutoka Shinyanga kuwaona wajukuu, atauliza neno moja tu: “Mvua ilinyesha?” Mzazi hatakuwa na jibu.

Jina lililochaguliwa kwa namna hii ni kipuli. Kipuli hutungikwa sikioni kwa ajili ya macho ya watu, na kikichujuka huvuliwa, kikanunuliwa kingine. Jina halivuliwi. Huitwa shuleni, huandikwa katika hati za ndoa, na husomwa juu ya kaburi. Anayempa mtoto kipuli mahali pa jina amempa kitu cha msimu akitumie maisha yote.

Ajabu ni kwamba kwa pacha hapakuwa na haja yoyote ya kuwinda. Hakuna uzazi uliotengewa majina kwa uangalifu kuliko huo. Wasukuma na Wanyamwezi humwita wa kwanza Kulwa na wa pili Doto, wawe wa kike au wa kiume. Na majina hayo yalisafiri hata pwani na Unguja, ambako Kulwa husemwa Kurwa. Mtoto anayewafuata kwa Wasukuma ni Shija. Waganda wana Babirye na Nakato kwa wasichana. Baba wa pacha huwa Ssalongo, mama huwa Nnalongo, na mtoto afuataye huitwa Kizza. Kwa Wajaluo wa kwanza ni Apiyo, aliyefanya haraka, na wa pili ni Adongo, aliyebaki nyuma. Baada yao huja Akello. Burundi kuna Bukuru na Butoyi, mkubwa na mdogo, kisha Ciza. Waluba wa Katanga wana Kyungu na Kabange.

Lililo kubwa katika desturi hizi ni upana wake. Pacha hawakupewa majina peke yao. Uzazi wao uliwapa majina mapya wazazi, ukamwekea jina hata mtoto ambaye hajatungwa mimba. Jina moja likitajwa, nyumba nzima imeelezwa. Orodha gani ya majina adimu inaweza kufanya kazi hiyo?

Lakini Kulwa na Doto hawatakiwi tena. Kosa lao ni moja: watu wengi wanawajua. Hapa ndipo upotovu wa sharti la uadimu unapoonekana waziwazi. Jina ni neno, na neno hupata nguvu kwa kueleweka. Neno lisiloeleweka na mtu si neno adimu, ni kelele. Mzazi anayejivunia kwamba hakuna jirani ajuaye maana ya jina la bintiye anajivunia kwamba bintiye hawezi kusomwa na watu wake.

Wapo wanaovuka bara zima ili wapate lisilojulikana. Huwaendea Wayoruba wa Nigeria, wakarudi na Taiwo na Kehinde. Ni majina ya haki kwa wenyewe. Taiwo ni yule aliyetangulia kuuonja ulimwengu, na Kehinde ni yule aliyekuja nyuma. Lakini kwa Wayoruba Kehinde, aliyezaliwa wa pili, ndiye mkubwa. Husemwa kwamba yeye ndiye aliyemtuma mwenzake atoke kwanza akautazame ulimwengu. Afrika Mashariki desturi ya wengi ni kinyume: aliyetangulia kutoka ndiye mkubwa. Mzazi aliyeyaokota majina hayo kwa utamu wake hajui kwamba amempa mdogo jina la mkubwa. Jina lililong’olewa katika udongo wake huja na matawi tu. Mizizi hubaki kule.

Wapinzani wana hoja, na hoja zao zistahili kujibiwa kwa heshima. Ya kwanza ni kwamba Kulwa na Doto ni nafasi, si watu: Doto atakuwa wa pili hata afe. Hoja hii ina uzito, na kwa mtoto wa kike ina uzito zaidi, kwa kuwa ulimwengu umezoea kumweka katika nafasi ya pili kabla hajajua kutembea. Walakini nafasi ya kuzaliwa si cheo. Muhammad Saleh Farsy alipotoa riwaya yake Kurwa na Doto mwaka 1960, juu ya mabinti pacha wa kijiji cha Unguja, hakushindwa kuwafanya watu wawili wenye tabia mbili kwa sababu ya majina yao. Tena hakuna desturi inayomkataza mtoto kuwa na jina la pili. Dawa ya jina lisilotosha ni kuongezewa, si kufutwa.

Na jina hilo la pili litoke wapi? Litoke kwa bibi zake. Kulwa achukue la mama wa babaye, Doto achukue la mama wa mamaye: Kulwa Mwanakombo na Doto Siwatu. Hapo mpenda uadimu atashangaa kuona kwamba alichokuwa akikitafuta mbali kilikuwa kimeketi barazani kwao. Majina kama Mwanakombo na Siwatu yanazidi kuwa machache katika vyumba vya madarasa, si kwa sababu yamekosa uzuri, bali kwa sababu yamechekwa. Neno “Mwana” mbele ya jina la mwanamke lilikuwa neno la heshima. Mwana Kupona alipomtungia usia binti yake mwaka 1858, binti huyo aliitwa Mwana Hashima, wala hakuna aliyeona ushamba ndani yake. Leo mzazi huyohuyo anayewinda majina adimu humwonea haya mama yake mzazi kwa jina lake. Huo si upenzi wa asili. Ni kupenda asili isiyo na mwenyewe.

Hoja ya pili husema kwamba si kila la kale ni jema. Kweli tupu. Katika baadhi ya jamii za Afrika pacha waliogopwa kama nuksi, na walikuwapo waliouawa au kutupwa kwa ajili hiyo. Hakuna mwenye akili atakaye desturi hiyo irudi. Yapo pia majina yaliyobeba dhuluma. Mwimbaji mkuu wa Unguja, aliyerekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928, alizaliwa Fumba akaitwa Mtumwa binti Saad. Ulimwengu ulimjua kwa jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima. Lakini kisa hiki chamsaidia nani? Mtumwa liliachwa kwa sababu maana yake ilijulikana, na Siti likashika kwa sababu maana yake ilijulikana. Ajuaye maana huweza kukataa na kuchagua. Asiyeijua hupokea tu.

Hoja ya tatu ni uhuru wa mzazi, nao hauna budi kulindwa. Zaire ilipowataka raia wake mwaka 1972 waache majina ya Kikristo na kushika ya Kiafrika, ilionekana kwamba hata jambo jema hugeuka karaha likishikiwa bakora. Basi pasiwepo sheria. Lakini aliye huru kuchagua anaweza pia kuulizwa amechagua nini, na uhuru wa kumpa mtu mwingine jina la maisha yake si sawa na uhuru wa kuchagua kitambaa dukani.

Limebaki jambo moja la kutenda. Katika nyumba nyingi pacha huitwa Kulwa na Doto jikoni, na katika cheti cha kuzaliwa huandikwa mengine kabisa. Jina la asili limefanywa vazi la nyumbani, na la kigeni limefanywa vazi la kutokea. Binti hujifunza mapema ni lipi la kuonewa fahari na ni lipi la kufichwa. Akifa bibi aliyekuwa akilitamka, limekufa naye, kwa kuwa hakuna karatasi iliyolihifadhi. Wazazi wa pacha waende kwanza kwa wazee wa pande zote mbili, waulize nani alizaliwa lini, nani aliitwaje na kwa nini. Kisha waende kwa msajili na kuyaandika majina yote mawili ya kila mtoto kwa herufi kamili. Siku Doto atakapouliza kwa nini anaitwa hivyo, awepo mtu wa kumjibu.