Ua la shaba na chura wa kijito

Mwezi huu tuangalie viumbe viwili vya kwetu Katanga ambavyo watu hawana desturi ya kuviweka pamoja: ua moja dogo na chura.

Ua hilo, kwa Kifaransa tunaita fleur du cuivre. Wenye elimu wanaliita Haumaniastrum katangense. Ni jamaa ya lumba-lumba, na rangi yake ni ya buluu-zambarau. Linaota pale udongo una shaba nyingi, mahali miti inashindwa. Hata pale wazee wetu, wale walioitwa "walaji wa shaba", walijenga tanuru zao na kutengeneza misalaba ya shaba, ua linaota mpaka leo. Wachunguzi wa mambo ya kale walilifuata, wakakuta tanuru zenyewe chini ya udongo!

Mutu atauliza: kwa nini linapenda sumu? Wenye elimu walilipanda katika udongo wa kawaida, na miche mingi ikaoza kwa ukungu. Shaba inaua ukungu huo. Bamama wanaolima nyanya wanaelewa mara moja, kwa sababu dawa ya buluu wanayomwagia majani nayo ni ya shaba.

Sasa chura. Yeye hana mlango wa kufunga. Anakunywa kwa ngozi, anapumua kwa ngozi pia, na watoto wake wenye mkia wanakaa katika mayi mchana na usiku. Shaba kidogo tu, isiyoonekana kwa macho, inaharibu chumvi ya mwili wao nao wanakufa. Kwa hiyo pale mawe ya madini yanasafishwa katika kijito, au mayi ya kiwanda inashuka, chura anaweza kunyamaza mbele watu hawajaona kitu. Kilima na kijito vinagusana, shaba ni ile ile.

Batoto watasema: "Basi kama chura iko analia, mayi ni muzuri, tunywe!" Hapana. Kipindupindu kinaweza kukaa katika mayi yenye vyura wengi. Hiyo mayi tuchemshe. Lakini bamama, sikieni na hili: moto unaua vijidudu, hautoi shaba. Sufuria ikikauka, mayi inapungua, madini inabaki yote. Mayi inayotoka chini ya mahali pa kusafishia mawe, hata ikiwa nyeupe kama kioo, tusiipeleke jikoni. Tuchote juu yake, au kwenye kisima cha mbali.