KEKI YA SUFURIA SI AIBU



Nayaandika haya kipupwe kikiwa kimetukaba koo. Asubuhi ukungu umelala juu ya mibuni, huoni hata lango la jirani, na ukizungumza mdomo unatoa moshi kama gari bovu. Nchi za Ulaya na Marekani watu huanza kuoka mikate ya malenge na matofaa Septemba hadi Novemba, majani yanapoanguka. Sisi wa Nairobi majira yetu ya kuoka ni haya, Juni hadi Agosti, wakati chai bila kitu cha kutafuna ni adhabu tupu.

Lakini sikuishika kalamu kueleza hali ya hewa. Nina dhambi ya kuungama, na nina hoja ya kutetea. Naanza na dhambi.

Kama mjuavyo, tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani. UNESCO iliitangaza mwaka 2021, na ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2022. Chama chetu nacho huiadhimisha, na mwaka huu tuliambiwa kila mwanachama alete kitamu kidogo cha kula pamoja baada ya mashairi na mjadala. Mama yangu alifurahi kuniliko. Yeye hufanya kazi ya jikoni katika nyumba moja kubwa huku Kitisuru, nasi tunaishi chumba cha nyuma, karibu na ua. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, akawasha jiko nje, akaoka mkate wa ndizi ndani ya sufuria. Ndizi zenyewe zilikuwa zile zilizoiva mpaka zikawa nyeusi, ambazo watu wengi hutupa.

Darasani ulipokatwa, kila mtu alisifu. "Maze, hii ni tamu! Umenunua wapi?" Kabla sijajibu, mmoja akaugeuza, akaona ulivyo wa mviringo na weusi kidogo pembeni. Akapiga kelele, "Aah, hii ni keki ya sufuria! Kwani kwenu hakuna oveni?" Kicheko kikavunja darasa. Nami, msomaji, nikacheka pamoja nao. Nikasema, "Si yetu, tulipewa na jirani."

Jioni Mama aliniuliza, "Waliupenda, mwanangu?" Nikamjibu, "Waliumaliza." Ilikuwa kweli. Lakini haikuwa kweli yote, na tangu siku hiyo neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nimeamua kulitema hapa, mbele ya wale wale waliocheka.

Sasa hoja yangu. Nasema hivi: kuoka nyumbani si kazi ya wenye oveni peke yao, na anayeicheka sufuria anaicheka elimu ya Waswahili wenyewe.

Tazama mkate wa sinia, ambao Zanzibar huitwa mkate wa kumimina. Mchele hulowekwa usiku kucha, ukasagwa na tui la nazi, ukatiwa sukari, hamira na iliki. Ukishaumuka humiminwa kwenye sinia au sufuria iliyopakwa mafuta, ukawekwa jikoni, kisha makaa yakawekwa juu ya kifuniko. Moto juu, moto chini. Hiyo ndiyo oveni ya Pwani, nayo imewalisha watu Ramadhani nyingi kabla ya wewe na mimi kuona oveni ya umeme dukani. Mama yangu alizaliwa Mombasa, akajifunza haya kwa nyanya yake. Kwa hiyo alipooka kwa sufuria hakuwa akiigiza tajiri aliyekosa vifaa. Alikuwa akifanya alivyofunzwa.

Tena, ni ajabu sisi Chama cha Kiswahili tujue methali mia mbili kisha tusijue kuumua unga. Muulize mwanachama yeyote tofauti ya kukanda, kuboroga na kusukuma. Wengi watakodoa macho. Maneno haya hayakai vizuri kichwani kwa kukaririwa; hukaa mikononi. Mimi nililielewa neno "umuka" siku niliyoliona donge la mahamri limekataa kuumuka kwa sababu ya baridi, Mama akaniambia, "Hamira ni kiumbe hai, nayo inasikia baridi kama wewe. Ipe maji ya uvuguvugu, lakini ukiipa ya moto utaiua." Tukaliweka bakuli karibu na jiko, tukalifunika kwa kitambaa, na baada ya saa mbili donge likawa maradufu. Kwa siku ile nilipata somo la Kiswahili na la biolojia kwa mpigo, bila ada.

Kuna na jambo la mfuko. Kenya hulima ngano, hasa Narok, Nakuru na Uasin Gishu, lakini sehemu kubwa ya ngano tunayokula huagizwa kutoka nje. Ndiyo maana Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, bei ya unga ilipanda mpaka kwenye kioski cha Kangemi. Mwaka 2024 nako, Mswada wa Fedha ulipendekeza kodi ya asilimia 16 kwenye mkate. Pendekezo hilo liliondolewa mwezi Juni baada ya wananchi kupiga kelele, lakini sote tulijifunza kwamba mkate si kitu kidogo. Anayejua kutengeneza kitamu chake kwa ndizi, malenge, viazi vitamu au njugu hatetereki sana kama yule anayejua kununua tu. Simwambii mtu kwamba sufuria itaiondoa njaa. Nasema itampunguzia unyonge.

Na msidhani hivi ni vyakula vya kudharauliwa na wataalamu. Viazi vitamu vya rangi ya machungwa vina virutubisho ambavyo mwili hugeuza kuwa vitamini A, na mwaka 2016 Mganda Robert Mwanga alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi ya kuviendeleza. Ukivichemsha, ukaviponda na kuvichanganya na unga wa ngano, unga hupungua na mkate huwa laini zaidi. Tukiviona sokoni Wangige tunavipita, tunakimbilia biskuti!

Nisiwe mtu wa maneno matupu. Yeyote aweza kujaribu haya mawili mwishoni mwa wiki.

Mkate wa ndizi: ponda ndizi tatu zilizoiva sana. Tia mayai mawili, nusu kikombe cha sukari na theluthi moja ya kikombe cha mafuta, koroga. Ongeza vikombe viwili vya unga wa ngano uliochanganywa na vijiko viwili vidogo vya beking pauda na chumvi kidogo. Usikoroge mno, mkate utakuwa mgumu. Tandaza mchanga safi, kina cha vidole viwili, ndani ya sufuria kubwa, funika, upashe moto kwa dakika kumi. Mimina mchanganyiko kwenye sufuria ndogo iliyopakwa mafuta, uiweke juu ya mchanga, funika, weka makaa kwenye kifuniko. Makaa mengi yawe juu na machache chini; ukigeuza, utakula mkaa. Baada ya dakika kama hamsini chomeka njiti katikati. Ikitoka kavu, umeiva. Wakati wa malenge, acha ndizi, tia kikombe kimoja cha malenge yaliyopondwa, ongeza sukari kidogo na mdalasini.

Kashata za njugu: hizi hazitaki unga wala oveni. Kaanga vikombe viwili vya njugu karanga, zimenye maganda. Yeyusha kikombe kimoja cha sukari kwa moto mdogo mpaka iwe rangi ya kahawia, tia iliki, kisha njugu, geuza upesi. Mwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta, sawazisha, ukate vipande kabla hazijaganda. Ukichelewa utahitaji nyundo. Na jihadhari: sukari iliyoyeyuka huunguza kuliko maji ya moto.

Onyo moja, na hili silisemi kwa mzaha. Jiko la makaa likae nje, au mahali penye hewa ya kutosha. Msimu huu wa baridi watu huliingiza chumbani, wakafunga madirisha, wakalala. Hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, na huua. Hakuna mkate wenye thamani ya uhai wa mtu.

Najua wapinzani hamkosi. Wa kwanza atasema, "Muda uko wapi? Si ununue tu?" Kweli, siku za shule muda hakuna. Lakini Jumamosi ina saa ngapi, na ngapi kati ya hizo tunazimaliza tukitazama simu? Wa pili atasema sukari nyingi huleta maradhi. Huyo namuunga mkono, na ndiyo faida ya kuoka mwenyewe: kipimo kiko mkononi mwako. Wa tatu ni mvulana aliyeniambia kwamba jikoni ni kwa wasichana. Huyo namuuliza: mahamri unayokula kila asubuhi yanajua kwamba wewe ni mvulana? Kama mdomo wako unaruhusiwa, mikono yako imekatazwa na nani?

Kwa hivyo natoa pendekezo kwa viongozi wa chama. Mwaka ujao, tarehe 7 Julai, kila kundi lioke kitu chake lenyewe, wavulana kwa wasichana, kisha mmoja asimame aeleze kwa Kiswahili sanifu kilivyotengenezwa. Tusinunue biskuti hata pakiti moja. Nina hakika siku hiyo tutajifunza msamiati mwingi kuliko katika mashindano ya mafumbo.

Mimi nimekwisha kujiandikisha. Nitaleta mkate wa ndizi, wa mviringo, mweusi kidogo pembeni. Mtu akiniuliza nimeununua wapi, nitasema, "Ameuoka mama yangu, kwa sufuria, nami nilimshikia kifuniko." Na kabla ya siku hiyo, gazeti hili likitoka, Mama ataisoma nakala ya kwanza. Atajua kwamba mwaka huu nilimkana. Naomba anisamehe.

Nakomea hapa, chai inapoa. Mcheza kwao hutunzwa, wenzangu. Basi na tuanze kwetu.